Miguu Isiyofungwa, Moyo Usiotekwa: Mazungumzo juu ya Kufasiri Usemi Mmoja wa Kiingereza

Utangulizi

Miongoni mwa semi za Kiingereza ziwasumbuazo wafasiri wetu umo usemi "footloose and fancy-free". Mwanafunzi huukuta katika riwaya. Mtumishi wa serikali huukuta katika magazeti ya nje. Mwalimu wa jiografia huikuta nusu yake katika somo la viwanda, na mtaalamu wa mambo ya kazi huikuta nusu hiyo hiyo katika vitabu vihusuvyo vibarua. Aghalabu wote hao huridhika na fasiri moja tu: "huru, asiye na wasiwasi". Fasiri hiyo si kosa, ila imekuwa kama kofia moja inayovishwa kila kichwa. Vichwa vingine inavikaa. Vingine inavibana, na vingine inavifunika hata macho.

Makala haya yanakusudia kueleza usemi huo ulitoka wapi, umebadilika vipi, na Kiswahili kina maneno gani ya kuupokea. Hoja yetu ni moja. Kabla ya kuandika neno "huru", mfasiri hana budi kujiuliza maswali mawili: mtu huyu yuko huru kutokana na kitu gani? Na msemaji anamsifu, anamlaumu au anamhurumia? Atakayeyapuuza maswali haya anaweza kumgeuza mwanamwali mwadilifu kuwa malaya, na msafiri mwema kuwa mhalifu. Tutaonyesha kwamba maneno haya si ya kutia chumvi.

Sehemu ya kwanza: miguu

Neno "footloose" limeungwa kwa maneno mawili, moja likiwa na maana ya mguu na jingine la kitu kisichofungwa au kisichokazwa. Lilipoanza kutumika katika maandishi, katika karne ya 17, lilikuwa na maana yake ya wazi kabisa: mtu ambaye miguu yake haikutiwa pingu wala kamba, akaweza kuitumia apendavyo. Maana ya kitamathali ilikuja baadaye sana. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, huko Marekani, neno hilo lilitumiwa kwa mtu ambaye hana jambo la kumzuia mahali: hana shamba la kuangalia, hana familia ya kulisha, hana mkataba wa kazi. Akitaka kuondoka kesho, huondoka.

Hapa mfasiri wa neno kwa neno hutumbukia katika shimo la kwanza. Neno la pili katika muungano huo huweza pia kufasiriwa "-liolegea". Lakini kwa Kiswahili mguu uliolegea ni mguu wa mgonjwa au wa mlevi. Haumpeleki mtu popote. Kinachokusudiwa si mguu kulegea bali kifungo kuondolewa. Ndiyo maana katika kichwa cha makala haya tumesema "miguu isiyofungwa".

Iko hadithi moja ipendwayo na watu wengi kuhusu asili ya neno hili, nayo yafaa itajwe kwa kuwa wasomaji wetu wa pwani wataifurahia. Husemwa kwamba neno lilitoka kwa mabaharia. Ukingo wa chini wa tanga, kwa Kiingereza, huitwa mguu wa tanga. Na tanga ambalo ukingo wake huo haukufungwa kwenye mti wa chini husemwa kuwa na mguu usiofungwa, likawa lapeperuka litakavyo. Hadithi ni tamu, lakini matumizi ya mwanzo ya neno hayaiungi mkono: yanazungumzia miguu ya watu na pingu, si matanga. Isitoshe, baharia wa jahazi angeicheka. Tanga la jahazi hufungwa juu kwenye foromali, wala halina mti wa chini hata kidogo. Kwa hiyo matanga yetu yote yangekuwa na miguu isiyofungwa. Hata hivyo hayapeperuki ovyo, kwani kamba ya demani huyashika.

Sisi nasi tunacho kishawishi cha namna hiyo hiyo. Mtu akisikia kitenzi "kutangatanga" hukimbilia kusema kwamba kimetokana na tanga la chombo, kwa kuwa tanga huenda na upepo. Huenda ikawa hivyo, huenda isiwe. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi. Mwalimu anapowaeleza wanafunzi asili ya neno, na atofautishe baina ya hadithi inayosaidia kukumbuka na historia iliyothibitishwa.

Sehemu ya pili: moyo

Neno "fancy-free" ndilo lenye mitego zaidi. Kila upande wake una mtego.

Tuanze na upande wa kwanza. Leo neno "fancy" huleta fikra za mapambo, vitu vya anasa na nguo za madaha. Lakini asili yake ni kufupishwa kwa neno lililoingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale na Kilatini kutoka katika Kigiriki, ambalo lilimaanisha uwezo wa akili wa kujenga picha ya kitu kisichokuwapo. Kutoka picha ya akilini maana ilisogea ikawa mvuto wa moyo, na katika karne ya 16 neno hilo lilikuwa jina la kawaida la mapenzi, hasa yale yanayomshika mtu ghafla kwa kuona tu. Yeyote aisomaye tamthilia ya Shakespeare "The Merchant of Venice", ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa jina la "Mabepari wa Venisi" mwaka 1969, atalikuta neno hili katika wimbo uimbwao wakati mchumba anachagua sanduku. Nalo halina uhusiano wowote na mapambo. Ni mahaba.

Muungano wenyewe, "fancy-free", unapatikana katika tamthilia nyingine ya mshairi huyo huyo, "A Midsummer Night's Dream", iliyotungwa yapata mwaka 1595 au 1596 na kupigwa chapa mwaka 1600. Mfalme wa mazimwi wa msituni anasimulia jinsi mungu wa mapenzi alivyomlenga mshale bikira mmoja wa kifalme. Mshale ukamkosa, ukaangukia ua, naye bikira akaendelea na safari yake moyo wake ukiwa mzima. Wataalamu wengi huona kwamba hapo anasifiwa Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambaye hakuolewa. Kwa hiyo neno hilo, lilipozaliwa, lilikuwa sifa ya mtu ambaye mapenzi hayajamteka. Halikuwa na habari ya kutokuwa na wasiwasi.

Upande wa pili una mtego mbaya zaidi. Neno "free" laweza kuwa "huru" na laweza kuwa "bure". Lakini likiwekwa mwishoni mwa muungano, maana yake ni "pasipo". Bidhaa zisizotozwa ushuru hutajwa kwa muundo huo, na chakula kisichotiwa sukari hali kadhalika. Basi "fancy-free" ni "pasipo mahaba". Mfasiri mwenye haraka akiandika "mwenye mapenzi huru" au "huru katika mapenzi", amepindua maana juu chini. Bikira ambaye mshale ulimkosa amekuwa mtu anayempenda kila apitaye. Tafsiri kama hiyo ikiingia katika kitabu cha shule, mwanafunzi hataona kosa, kwa sababu sentensi yenyewe ni Kiswahili safi. Makosa ya namna hii ndiyo hatari kuliko yote: hayana kilema cha nje.

Jinsi maneno mawili yalivyooana

Maneno haya yalizaliwa mbalimbali na kuishi mbalimbali kwa muda mrefu. Yalipokutanishwa, sauti ndiyo iliyoyafungisha ndoa: yote mawili huanza kwa sauti moja, na sikio la Mwingereza hupenda mwandamano wa aina hiyo. Mwanzoni kila moja lilileta mahari yake. La kwanza lilisema miguu haina kifungo. La pili likasema moyo hauna mshikaji. Pamoja yalimwelezea mtu asiye na mji wa kumzuia wala mpenzi wa kumngoja, aghalabu kijana kapera.

Lakini ndoa ya sauti hupunguza maana ya wanandoa. Katika karne ya 20 usemi ulitamkwa mara nyingi mno hata watu wakaacha kuyasikia maneno yake moja moja. Tarehe 18 Aprili 1944 mjini New York ilionyeshwa kwa mara ya kwanza ngoma ya baleti iitwayo "Fancy Free", iliyobuniwa na Jerome Robbins kwa muziki wa Leonard Bernstein. Inahusu mabaharia watatu walio likizoni mjini, wakitafuta wasichana. Hapo twaliona neno likiwa katikati ya safari: mabaharia hao hawana wapenzi, kama maana ya kale idaivyo, lakini zaidi ya hayo wako katika raha na hawana kazi ya kufanya. Rod Stewart alipoipa sahani yake ya santuri jina la usemi mzima mwaka 1977, na filamu iitwayo "Footloose" ilipotoka mwaka 1984 ikisimulia kijana wa mjini aliyehamia mji mdogo uliopiga marufuku dansi, maneno haya yalikuwa yamekwisha kuwa jina la furaha ya ujana kwa jumla. Kwa wasemaji wengi wa leo, hata mtu mwenye mke na watoto wanne aweza kuitwa hivyo iwapo ameachwa peke yake kwa wiki moja.

Fundisho kwa mfasiri ni jepesi: tazama kwanza mwaka wa andiko. Katika andiko la zamani, "fancy-free" lifasiriwe kwa mapenzi: "ambaye moyo wake haujatekwa". Katika andiko la karibuni, lifasiriwe kwa raha: "asiye na la kumtia wasiwasi". Na katika maandishi yaliyo baina ya nyakati hizo, muktadha ndio hakimu.

Matumizi ya kitaaluma

Nusu ya kwanza ya usemi iliingia pia katika taaluma, na huko imepata maana ambazo hazina furaha wala huzuni.

Katika jiografia ya uchumi, ambayo tangu kitabu cha Mjerumani Alfred Weber cha mwaka 1909 imejishughulisha na swali la kwa nini kiwanda hujengwa hapa na si pale, viko viwanda vilivyofungwa na mahali. Kiwanda cha saruji hujengwa karibu na chokaa, kama kile cha Wazo, Dar es Salaam. Kiwanda cha sukari hujengwa mashambani, kama Kilombero, kwa kuwa miwa ni mizito na huharibika upesi ikishakatwa. Lakini kiwanda cha kuunganisha redio au saa hutumia vipande vidogo, vyepesi na vya thamani kubwa. Gharama ya kuvisafirisha si kitu, na kiwanda hicho chaweza kujengwa karibu popote penye umeme, barabara na wafanyakazi. Hicho ndicho Waingereza hukiita kiwanda "footloose".

Tunapendekeza istilahi "kiwanda kisichofungwa na mahali". Si "kiwanda huria", kwani "huria", kama katika "soko huria", hutupeleka kwenye habari ya udhibiti wa serikali, ambalo ni jambo jingine. Wala si "kiwanda kinachohamahama", kwa sababu kiwanda cha namna hiyo chaweza kukaa mahali pamoja miaka hamsini. Uwezo wa kuhama si tabia ya kuhama.

Matumizi ya pili yanahusu watu. Mwaka 1996 mtaalamu wa Kiholanzi Jan Breman alitoa kitabu kiitwacho "Footloose Labour", juu ya vibarua wa jimbo la Gujarat nchini India: watu wasio na ardhi, wanaohama kila msimu kufuata kazi za kukata miwa, kufyatua matofali na kujenga. Hao nao miguu yao haikufungwa. Lakini haikufungwa kwa sababu hawana cha kuwafunga, yaani shamba, nyumba wala ajira ya kudumu. Neno lililokuwa sifa ya kijana mwenye bahati limekuwa hapa jina la mkosi. Mfasiri akiandika "vibarua huru wasio na wasiwasi", atakuwa amewafanyia dhihaka watu ambao wasiwasi ndio chakula chao cha kila siku. Yafaa aseme "vibarua wa kuhamahama", na pale mwandishi anapotilia mkazo ukosefu wao, "vibarua wasio na pa kushika".

Kiswahili nacho kinasemaje?

Wako wanaodhani kwamba Kiswahili hakina neno moja la kuunganisha miguu na moyo kama usemi huu ufanyavyo. Kumbe lipo, nalo ni "mhuni". Leo neno hilo latumika kwa mtu mwenye tabia mbaya, mkorofi au mvunja sheria. Lakini katika matumizi ya zamani lilikusanya pamoja mtu asiye na makao maalumu, mtembeaji ovyo, na pia mtu asiyeoa au asiyeolewa. Hizo ndizo nusu mbili za usemi wa Kiingereza zikiwa katika neno moja. Tofauti ni hukumu. Kiingereza kilimtazama kijana huyo kikatabasamu. Kiswahili kilimtazama kikakunja uso.

Tofauti hiyo haikutokea bure. Katika jamii ambamo mtu hujulikana kwa ukoo wake, kwa shamba lake na kwa watu anaowajibika kwao, asiyefungwa na chochote hana wa kumdhamini. Hata hivyo haingekuwa haki kusema kwamba Waswahili hulaumu tu. Methali zetu zina pande zote mbili. Mmoja husema "mtembezi hula miguu yake", na mwenziwe humjibu "mkaa bure si sawa na mtembea bure". Lugha iliyo na methali zote mbili haikosi njia ya kusifu wala ya kukaripia. Ni kazi ya mfasiri kujua ipi inahitajika.

Ngazi ya maneno yetu yaweza kupangwa hivi. Juu kabisa yako ya sifa au raha: "raha mustarehe", "asiye na wasiwasi", "mwenye nafasi yake". Katikati yako yasiyohukumu: "kapera", "mseja", "asiyefungwa na jambo", "asiye na majukumu". Chini yako ya lawama au huruma: "mzururaji", "mhuni", "hana mbele wala nyuma", "hohehahe". Kuteleza ngazi moja kwaweza kumgharimu mtu.

Neno linapofika mahakamani

Tumesema mwanzoni kwamba hatutii chumvi. Sababu ni kwamba "mzururaji" si neno la nyumbani tu. Ni neno la sheria. Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824 iliwaadhibu watu waliokutwa wakitembea bila makao wala kazi ya kueleweka, na sheria za mfano wake zikaletwa katika makoloni mengi ya Afrika, zikabaki baada ya uhuru. Jambo la kuzingatia ni kwamba Kiingereza kile kile kilichokuwa na neno la kumsifu mtu wa miguu isiyofungwa kilikuwa na neno jingine la kumfungia. Mwenye fedha mfukoni aliitwa jina la kwanza. Asiye nazo aliitwa la pili. Miguu ilikuwa ile ile.

Nchini Tanzania, wakati wa utekelezaji wa Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, watu walioonekana hawana kazi mjini Dar es Salaam walikamatwa na kupelekwa mashambani. Katika siku hizo kumwita mtu mzururaji hakukuwa kumweleza tu, bali kulikuwa kumshitaki. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa huwaadhibu maskini na wanyonge kwa sababu ya hali yao.

Na tangu mwaka 2021, marekebisho ya sheria nchini Tanzania yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Maana yake ni kwamba taarifa ya ustawi wa jamii, barua ya mwajiri wa nje au ushahidi uliotolewa kwa Kiingereza huweza kufika mbele ya hakimu katika maneno ya mfasiri. Ikiwa barua ilisema kwamba kijana fulani ni "footloose", mwandishi akikusudia kuwa hana familia na yuko tayari kwenda kufanya kazi mkoa wowote, kisha mfasiri akaandika "mzururaji", sifa ya kumpatia kazi imegeuka kuwa doa la kumnyima.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo:

(a) Katika fasihi ya zamani, "fancy-free": "ambaye moyo wake haujatekwa", au "pasipo mahaba". Isitumiwe kamwe "mapenzi huru".

(b) Katika mazungumzo na fasihi ya leo, usemi mzima: "asiye na wa kumzuia wala la kumtia wasiwasi", mahali pa utani, "kapera raha mustarehe".

(c) Katika barua za kazi na maandishi rasmi, "footloose": "asiyefungwa na majukumu ya mahali", au kwa wazi zaidi, "aliye tayari kuhamia popote".

(d) Katika jiografia: "kiwanda kisichofungwa na mahali".

(e) Katika maandishi ya kazi na uchumi, juu ya watu: "vibarua wa kuhamahama".

(f) "Mzururaji" na "mhuni" yaachiwe maandishi ambayo mwandishi wake amekusudia lawama, au yanayotaja sheria zenyewe.

Walimu wanaweza kuufanya usemi huu kuwa zoezi la darasani: mwanafunzi apewe sentensi tano zenye neno moja, aulizwe katika kila moja mtu yuko huru kutokana na nini. Atakayejibu swali hilo sawasawa, Kiswahili chake kitampa neno.